Mwalimu wa Pemba na kura moja ya Chake Chake

Kila ifikapo Januari 12, Zanzibar nzima husikia habari za Mzee Karume na Sultani Jamshid. Serikali iliyoangushwa na Mapinduzi asubuhi ile ya 1964 ilikuwa na Waziri Mkuu, na huyo alikuwa mwana wa Pemba: Mohamed Shamte Hamadi. Vijana wengi wa hapa Chake Chake hawamjui, na hilo linaniuma.

Shamte alizaliwa mwaka 1907. Alisomesha kwa miaka mingi, akastaafu ualimu, na siasa akaziingia mtu mzima, mwenye mashamba yake ya karafuu. Katika uchaguzi wa 1957 yeye na mwenzake Ali Sharif walishinda viti vya Pemba. Walikuwa pamoja na Karume katika chama chake cha Afro-Shirazi mpaka mwishoni mwa 1959, walipojitoa na kuunda ZPPP, Chama cha Watu wa Zanzibar na Pemba.

Michael Lofchie, aliyeandika kitabu cha zama za siasa mwaka mmoja tu baada ya Mapinduzi, anaitafuta sababu ya kujitoa huko shambani. Unguja, Mshirazi, yaani mwenyeji, alikuwa mbali na mikarafuu ya wakubwa. Pemba alikuwa na mikarafuu yake, akaoana na Waarabu na kuuza nao soko moja. Maneno ya chuki yaliyowaka Ng'ambo, mjini Unguja, hayakushika moto huku. Nakubaliana naye; anayeijua Pemba, hilo halimshangazi.

Ukaja uchaguzi wa Januari 1961, viti 22. Afro-Shirazi ikapata 10, chama cha Hizbu (ZNP) 9, ZPPP 3. Kimoja katika vile 10 kilikuwa cha Chake Chake, na kilipatikana kwa kura moja. Kura moja tu! Wapiga kura wake wawili wangechelewa shambani, au wangeamka na homa, Afro-Shirazi ingebaki na 9.

Serikali sasa ilikuwa mikononi mwa Wapemba watatu wa ZPPP. Shamte na Bakari Mohamed Bakari wakaona waende na Hizbu. Ali Sharif, aliyekuwa bega kwa bega na Shamte tangu 1957, akakataa kata kata na kurudi kwa Karume. Ikawa 11 kwa 11. Chama kilichoundwa kwa jina la umoja wa Wapemba kilipasuka kabla hakijatimiza miaka miwili, na nchi ikakaa na serikali ya mpito hadi Juni. Lawama hurushiwa Shamte peke yake, kana kwamba aliwauza wenzake. Mimi naona Shamte na Ali Sharif wote wawili walikuwa wakijibu swali lile lile, vipi Pemba isimezwe na Unguja, ila hofu ya kila mmoja ilielekea upande tofauti.

Kiti cha 23 kikaongezwa ili kuondoa sare, na uchaguzi ukarudiwa. Juni 1961 Afro-Shirazi na Hizbu wakapata 10 kila mmoja, na watatu wa ZPPP safari hii wakashikamana na Hizbu. Bei yao ilikuwa kubwa: chama cha viti 3 kikatoa Waziri Kiongozi, naye ni Shamte. Siku ya kura ghasia zilizuka Unguja, wakauawa watu 68.

Uchaguzi wa 1963 muungano ule ulishinda tena kwa viti, 18 kwa 13, ingawa Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote. Uhuru ukaja Desemba 10. Baada ya uhuru Shamte alikaa katika Uwaziri Mkuu siku 33 tu, kisha akakamatwa pamoja na mawaziri wenzake na kuwekwa kizuizini Bara.

Vyama vingi viliporudi, Pemba ilipiga kura 1995 na viti vyake vyote 21 vikaenda kwa chama cha CUF, chini ya Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye kama Shamte alikuwa mwalimu wa zamani na Waziri Kiongozi wa zamani aliyewahi kutiwa ndani. Maisha ya Maalim Seif tayari yameandikwa vitabu. Ya Shamte yanastahili kuandikwa pia, kwa Kiswahili, na yawekwe katika makumbusho ya Ngome Kongwe hapa mjini wangali hai wazee waliosimama foleni ya 1961.