Barua pepe iliyozunguka dunia ili ifike jirani

Je, wajua kwamba hadi mwaka 2000, barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti jijini Nairobi hadi nyingine ilipitia setilaiti, ikafika ng'ambo, kisha ikarudi? Wateja ndio waliolipia safari hiyo. Novemba mwaka huo kampuni hizo ziliunganisha mitambo yao mahali pamoja, KIXP. Telkom Kenya ikalalamika kuwa ukiritimba wake umeingiliwa. Tume ya mawasiliano, CCK, ikaifunga katika majuma machache. Ilirejea Februari 2002, ikiwa na leseni. Safari iliyozidi sekunde moja ikawa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Tekinolojia ilikuwepo, kilichokosekana ni kibali. Basi mwanafunzi wa tarakilishi, soma programu, lakini soma na sheria.