Fikra za kundi: Kwa nini kikao kizima kinakosea? Somo la Vita vya Tanga

Kikao cha harusi kinaendelea. Mwenyekiti anapendekeza ukumbi wa bei mbaya. Unajua hela haitatosha, lakini kila mtu anasema "sawa", na wewe unasema "sawa". Mkitoka nje, watatu wanakunong'oneza kuwa nao walikuwa na wasiwasi huohuo.

Hiyo ndiyo fikra za kundi: watu kuthamini kukubaliana kuliko kuamua vizuri. Mwanasaikolojia wa Marekani, Irving Janis, aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 1972.

Tanga, Novemba 1914

Mfano wa karibu uko hapahapa Tanga. Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India kuuteka mji uliokuwa chini ya Wajerumani. Kamanda wao, Meja Jenerali Arthur Aitken, aliamini kazi itakuwa nyepesi.

King's African Rifles, waliowajua askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani, walijitolea kusaidia. Wakakataliwa. Upelelezi wa maana haukufanyika. Tena, Wajerumani wakapewa taarifa kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamefutwa. Von Lettow-Vorbeck akapata muda wa kuleta wanajeshi kwa treni kutoka Moshi.

Waingereza walishukia Ras Kasone. Novemba 4 wakapigwa na jeshi la watu wapatao 1,000 tu, na kesho yake wakarudi melini. Walipoteza zaidi ya watu 800, waliouawa, kujeruhiwa au kutoweka, na wakaacha bunduki na risasi kibao.

Wengi wanakumbuka nyuki walioshambulia wanajeshi siku ile. Lakini kosa lilianza kabla ya nyuki.

Dalili zake

Hapo uamuzi ulikuwa wa kamanda, haukupigiwa kura. Hata hivyo, dalili alizozitaja Janis zinaonekana: kujiona hamshindwi, kumdharau mpinzani na kutosikiliza onyo la mtu wa nje. Kwenye vikao vyetu kuna nyingine mbili: mwenye shaka kujinyamazia, na ukimya wake kuhesabiwa kuwa ni ndiyo.

Kwa nini tunafuata mkumbo?

Mwaka 1951, Solomon Asch aliwapa watu kazi rahisi: kutaja mistari ipi ina urefu sawa. Waliobaki chumbani walikuwa wamepangwa kutoa jibu lisilo sahihi. Takriban watu watatu kati ya wanne walifuata kosa hilo angalau mara moja. Lakini akipatikana hata mmoja wa kusema ukweli, wanaofuata mkumbo walipungua sana.

Mfanye nini kikaoni?

- Mwenyekiti atoe maoni yake mwisho. Akianza mkubwa, wadogo watapata wapi ubavu wa kumpinga?
- Mpeni mtu mmoja kazi ya kutafuta kasoro, ili asionekane mkorofi.
- Pigeni kura ya siri, hasa kwenye mambo ya fedha kama kikoba.
- Uamuzi mkubwa ulaleni usiku mmoja, kisha mrudi kuujadili.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Ni kweli, ila wengi hao wawe wamesema. Kwa hiyo kwenye kikao kijacho, ukiwa na shaka, itoe kabla hela haijatoka.