Thimlich Ohinga na Neno Lililowafuta Wenyewe

Ukishukia Rodi Kopany ukitokea Rongo, una njia mbili za kwenda kuitazama kale ya Nyanza Kusini. Ya kwanza inakupeleka Homa Bay, na kutoka hapo unafuata ufuo wa Ziwa Victoria hadi Mlima Homa, kwenye makorongo ya Kanam, Kanjera na Nyayanga. Ya pili inakata kwenda Ndhiwa kuelekea Karungu, na ukichepuka upande wa Macalder unafika Thimlich Ohinga, kwenye maboma ya mawe ndani ya Kaunti ya Migori. Kule kwa kwanza kuna zana za mawe zenye umri wa karibu miaka milioni 3. Huku kwa pili kuna kuta zilizojengwa yapata miaka 500 iliyopita, na watu wakaendelea kuishi ndani yake hadi karne ya 20. Waandishi wa Kiingereza, hasa wale wa vipeperushi vya utalii na kurasa za safari, wamezoea kuzielezea sehemu zote mbili kwa neno moja: prehistoric. Maana yake ni kwamba mambo hayo yalitokea kabla ya historia.

Neno lenyewe ni changa. Anayetajwa kuwa ndiye aliyeliingiza katika Kiingereza ni Daniel Wilson, mtafiti wa Edinburgh, aliyeliweka kwenye jina la kitabu chake cha mwaka 1851 kuhusu mambo ya kale ya Scotland. Wilson alikuwa na shida ya kweli. Mbele yake palikuwa na makaburi, shoka za mawe na silaha za shaba nyeusi zilizofukuliwa ardhini, na hakukuwa na andishi hata moja la kumwambia ni za nani. Katika Scotland mpaka ulikuwa rahisi kuuona: majeshi ya Roma yalifika katika karne ya 1 yakiwa na watu wanaojua kuandika. Vya kabla ya Waroma akavipa jina hilo jipya.

Mwaka 1865 John Lubbock, mwenye benki wa London aliyekuwa pia mwanasayansi, alichapisha kitabu kilicholieneza neno hilo kila mahali. Lakini Lubbock alifanya jambo ambalo ndilo chanzo cha malalamiko yangu. Ili aeleze watu wa Zama za Mawe waliishi vipi, alieleza maisha ya watu wa wakati wake mwenyewe, wa mabara mengine, aliowaita washenzi wa leo. Aliwatazama watu hai waliokuwa wakilima, wakioa na kuzika wafu wao, akawaweka katika kabati moja na mifupa. Tangu hapo neno likabeba maana mbili: umri mkubwa sana, na watu wasioandika. Mtu akilisoma leo hana njia ya kujua ni ipi iliyokusudiwa.

Sasa lilete neno hilo Nyanza. Reli ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Tarehe 1 Aprili 1902 eneo hili lilihamishwa kutoka Uganda na kuwekwa chini ya serikali ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na maofisa wakaanza kuandika ripoti zao za kodi na usalama. Kwa kipimo cha Wilson, hapo ndipo historia ilipoanza upande huu wa ziwa. Mama aliyezaliwa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, mwaka 1890 alizaliwa kabla ya historia, akaolewa historia ikiwa imeingia. Wajukuu wa watu wa umri huo wangali hai. Gor Mahia, yule mganga na kiongozi wa Kanyamwa ambaye klabu ya soka ilichukua jina lake mwaka 1968, aliishi sehemu kubwa ya maisha yake upande ule wa kabla ya historia. Maelfu ya watu huliimba jina lake uwanjani. Siwezi kukubali kwamba mtu wa namna hiyo yuko nje ya historia.

Kuna mahali ambapo neno linafaa, na haki yake tulipe. Mlima Homa ni mahali hapo. Mwaka 1932 Juma Gitau, aliyekuwa katika kikosi cha mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey, aliokota kipande cha taya huko Kanam, na Leakey akatangaza kwamba ni cha binadamu wa zamani kuliko wote waliojulikana. Profesa wa jiolojia kutoka London, Percy Boswell, alipofika kukagua mwaka 1935, Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa palipotoka taya. Vigingi vya chuma alivyokuwa ameviacha kama alama vilikuwa vimeng'olewa. Boswell akaandika katika jarida la Nature kwamba madai hayo hayana ushahidi, na Leakey akaaibika mbele ya wasomi wenzake. Katika simulizi hiyo wakazi wa Karachuonyo, eneo lenye Kanam, wanatajwa tu kama watu waliochukua vyuma vya Mzungu ili wavifanye zana za kuvulia samaki. Ziwa lao, uvuvi wao, wahunzi wao, hakuna aliyeona haja ya kuuliza.

Makorongo hayohayo yamerudi kuheshimiwa. Kanjera Kusini imetoa zana za mawe na mifupa ya wanyama waliochinjwa yapata miaka milioni 2 iliyopita. Nyayanga imekwenda mbali zaidi. Utafiti uliochapishwa Februari 2023 katika jarida la Science ulieleza zana za kati ya miaka milioni 2.6 na 3, mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na magego mawili ya Paranthropus, zamadamu ambaye si babu yetu wa moja kwa moja. Mkazi wa eneo hilo ndiye aliyewadokezea watafiti kuhusu mahali hapo. Kwa mambo ya umri huo hakuna mzee wa kuulizwa na hakuna wimbo unaoyakumbuka. Hapo sina ugomvi na mtu anayesema kabla ya historia.

Thimlich Ohinga ni habari nyingine kabisa. Ingia kwa mlango wa boma kubwa, linaloitwa Kochieng. Itakubidi uiname, kwa sababu mlango ulijengwa mfupi makusudi: adui akija atatanguliza kichwa, na aliye ndani amesimama akimsubiri. Juu ya mlango kuna mawe marefu yaliyolazwa kushika uzito wa ukuta. Ukuta wenyewe una uso wa nje na uso wa ndani, na katikati umeshindiliwa mawe madogo yanayozikamata nyuso hizo mbili. Hakuna udongo wala chokaa kati ya jiwe na jiwe. Mahali pengine unapita mita 4 kwenda juu. Ndani utaona palipokuwa nyumba, zizi la ng'ombe, mahali pa kuyeyushia chuma, na mwambani vimechimbwa vishimo vya ajua, bao la Wajaluo. Aliyevichimba alikuwa na muda wa kukaa kivulini na mwenzake baada ya kazi.

Maboma makuu ni manne, na mengine matatu yanaitwa Kakuku, Koketch na Kolouch. Anayejua Kijaluo hahitaji kuelezwa kwamba ka ya mwanzo, ambayo mara nyingine husikika ko, ni ya kwa fulani. Ni majina ya nyumba za watu. Watafiti walioanza kuandika juu ya kuta hizi katika miaka ya 1960, Neville Chittick mwaka 1965 na Laurel Lofgren mwaka 1967, walizikuta pamoja na wenyeji waliojua kuzisimulia. Tangu hapo wataalamu wamehesabu zaidi ya maboma 500 ya aina hii, katika sehemu 138, yaliyotawanyika Nyanza Kusini. Watu walihama, wengine wakaingia wakarekebisha kuta wakaishi, kizazi kwa kizazi.

Linganisha na Gede, karibu na Malindi. Mji ule wa mawe ulikuwa ukififia katika karne ya 16 na 17, wakati kuta za Thimlich zikipanda. Wareno walikaa Malindi miaka mingi na hawakuandika neno juu yake. Kinachojulikana kuuhusu kimetokana zaidi na uchimbaji uliofanywa na James Kirkman kuanzia 1948, na kaburi moja lenye tarehe inayolingana na 1399. Hata hivyo Gede daima imeitwa mji wa kihistoria, na mwaka 2024 UNESCO iliiandikisha katika Urithi wa Dunia kwa sifa hiyohiyo. Ninaifurahia heshima ya Gede. Lakini kama kaburi moja lenye tarehe linatosha kuuingiza mji mzima katika historia, basi ukoo unaoweza kutaja mababu zake hadi kizazi cha kumi nao una hati ya kuonyesha.

Hoja hiyo ilishatolewa na wana wa Nyanza, kwa kazi ngumu ya miguu. Paul Mboya wa Karachuonyo aliandika mila na desturi za Wajaluo kwa Kijaluo mwaka 1938. Kisha Bethwell Ogot, aliyezaliwa Gem mwaka 1929, alikwenda kwa wazee akakusanya nasaba na simulizi za kuhama, akazilinganisha ukoo kwa ukoo, akahesabu vizazi ili apate miaka. Kitabu chake cha historia ya Wajaluo wa Kusini kilitoka mwaka 1967, miaka minne tu baada ya profesa Hugh Trevor-Roper wa Oxford kusema kwamba katika Afrika hakuna historia isipokuwa ya Wazungu, na vingine ni giza. Ogot alifariki Januari 2025. Kazi yake imekubaliwa vyuoni kote duniani, na bado mtalii anayetoka Rodi Kopany kwenda Migori anapewa karatasi inayomwambia kwamba anakwenda mahali pa kabla ya historia.

Mwaka 2018, katika mkutano wa Manama, Bahrain, UNESCO iliiandikisha Thimlich Ohinga ikiwa sehemu ya saba ya Kenya katika Urithi wa Dunia. Neno prehistoric halimo katika jina lililoandikishwa. Imeitwa eneo la akiolojia. Maelezo ya uandikishaji yanasema kwamba ujenzi huu ulianza katika karne ya 16 na desturi yake ikaendelea hadi katikati ya karne ya 20. Karatasi za watalii zinaweza kuchapishwa upya kwa maneno hayo, na majina manne ya wenye nyumba yakatangulia mwanzoni.