Lulu Ishirini za Howard

Tarehe 15 Januari 1908, katika jengo la Miner Hall la Chuo Kikuu cha Howard, Washington, wasichana tisa walianzisha chama na kukipa jina la herufi tatu za Kigiriki: Alpha Kappa Alpha. Wazo lilikuwa la Ethel Hedgeman, binti wa St. Louis, aliyekuwa amesimuliwa na mwalimu wake, Ethel Robinson, jinsi wasichana wa Chuo Kikuu cha Brown walivyoishi kidada katika vyama vya aina hiyo. Wanafunzi wa kike weusi hawakuwa na chama kama hicho popote Marekani. Hiki kikawa cha kwanza. Mwezi uliofuata wakakaribishwa wenzao saba wa mwaka wa pili, wakatimia kumi na sita.

Miongoni mwa wale tisa alikuwemo Lucy Diggs Slowe, ambaye mwaka 1917 alitwaa ubingwa wa taifa wa tenisi ulioandaliwa na chama cha wachezaji weusi. Mwaka 1922 alirudi Howard kuwa mlezi mkuu wa wanafunzi wa kike, mwanamke mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo pale.

Miaka minne tu baada ya kuzaliwa, chama nusura kife. Mwaka 1912 wanachama 22 waliokuwa bado masomoni walitaka kubadili jina, rangi na alama, wakiona mwendo wa chama hauwatoshi. Nellie Quander, aliyekuwa amehitimu mwaka huohuo, alikataa katakata. Alikusanya wenzake waliokwisha kumaliza chuo, na tarehe 29 Januari 1913 chama kikasajiliwa kisheria, kikapata uwezo wa kufungua matawi nje ya Howard. Wale 22 walikuwa wameshaondoka na kuunda Delta Sigma Theta tarehe 13 mwezi uleule. Tarehe 3 Machi walijitokeza kwenye maandamano makubwa ya wanawake wakidai haki ya kupiga kura. Sioni sababu ya kuwaita waasi. Howard ilipata vyama viwili imara badala ya kimoja, na msimamo wa Quander ndio uliofanya kile cha kwanza kisimalizike wanafunzi wake walipohitimu.

Waasisi wanaotambuliwa rasmi ni ishirini: wale kumi na sita, pamoja na wanne waliosimamia usajili. Kwa heshima yao, beji ya chama ina lulu ishirini juu ya jani la mmea utambaao ukutani, na ndiyo maana mwanachama hupenda kuvaa mkufu wa lulu. Rangi zao ni waridi na kijani. Jarida lao, Ivy Leaf, lilianza mwaka 1921.

Lakini anayetaka kukijua chama hiki aende Mississippi. Ida Jackson, mzaliwa wa jimbo hilo aliyekuwa rais wa chama, alianza mwaka 1934 kwa mafunzo ya likizo kwa walimu wa vijijini kule Lexington. Aliyoyaona yakamwonyesha kuwa mtoto mgonjwa hafundishiki. Kiangazi cha 1935 Dkt. Dorothy Ferebee aliongoza kundi la wanachama waliojitolea, wakasafiri kwa magari yao wenyewe kutoka Washington hadi Mississippi, katika majimbo ambamo sheria za ubaguzi zilitawala kila kituo cha treni. Walipofika, wenye mashamba ya pamba waliwakatalia wakulima wao ruhusa ya kwenda kliniki. Basi kliniki ikawafuata shambani. Magari yalisheheni dawa na sindano, akina mama wakapanga foleni na watoto wao mbele ya wasimamizi wa shamba, na chanjo za ndui na dondakoo zikatolewa palepale. Walikuta utapiamlo na meno yaliyooza, wakafundisha lishe na usafi wa nyumbani. Walirudi kila kiangazi hadi vita vilipoleta mgawo wa petroli na matairi, kazi ikasimama mwaka 1942. Watoto waliochanjwa walifika maelfu.

Hawa walikuwa walimu na wauguzi walioitumia likizo yao kwenye vumbi la mashamba ya watu wengine. Katika historia yote ya chama, sura hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote.

Baadaye majina makubwa yalifuata. Mae Jemison alipokwenda angani mwaka 1992 alichukua bendera ya chama. Kamala Harris, aliyejiunga Howard mwaka 1986, aliapishwa kuwa Makamu wa Rais wa Marekani mwaka 2021. Leo wanachama wamepita laki tatu, makao makuu yako Chicago, na kila tarehe 15 Januari matawi huadhimisha siku ya waasisi. Binti atakayevishwa lulu mwaka huu na asimuliwe habari za Mississippi kabla ya habari za Ikulu.