Kadi Moja, Marufuku Mbili

Ipo kadi ndogo ya kuchomeka ndani ya kompyuta ya nyumbani. Unaiunganisha na waya wa antena, na kioo kile kile cha kuandikia barua kinaonyesha televisheni. Wengine wataiona mchezo tu. Mimi naiona historia.

Maana mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta, na televisheni nazo zikaingizwa humo humo. Mpango wa kutumia kompyuta katika mahesabu ya serikali ulikuwa umekwenda mrama. Wakati huo Zanzibar walishakuwa na televisheni ya rangi tangu 1973! Bara wazee wetu walingoja hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza.

Basi kadi hiyo ilikutanisha vitu viwili vilivyozuiwa pamoja. Desemba 31, 2012 Dar es Salaam ikazima mitambo ya analojia. Kadi za zamani zikabaki bubu, hata bila marufuku.

Ukiikuta kwa fundi, usiitupe kabla hujamsimulia mdogo wako habari za 1974.