Saa Ambazo Sheria ya Texas Haikuzihesabu

Mzazi wa DeSoto, mji ulio kusini mwa Dallas, anayemfundisha mwanawe kusoma na kuandika nyumbani anategemea hukumu iliyoanzia jirani, Fort Worth. Mwaka 1915 Texas ilipotunga sheria yake ya kwanza ya kuwalazimisha watoto kusoma, iliwaachilia walio katika shule za binafsi bila kusema kama nyumba nayo yaweza kuwa shule. Ukimya huo haukuwasumbua wengi kwa miongo kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 idara ya elimu ya jimbo ikashikilia kwamba nyumba si shule, na wazazi wakaanza kushtakiwa. Mwaka 1985 familia ya Leeper na wenzao wakazishtaki wilaya za shule za jimbo zima, zaidi ya 1,000, ya DeSoto ikiwa mojawapo. Walishinda mwaka 1987, na mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Texas ikaithibitisha haki yao.

Historia hii husimuliwa kama ushindi wa wazazi dhidi ya serikali, mara nyingi kwa sauti ya dini. Mimi naona aliyefaidika zaidi ni mtoto asiyetulia, yule ambaye macho yake huhamia dirishani kabla sentensi haijafika kwenye nukta. Mahakama ilitaka yafundishwe kwa dhati masomo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Matatu kati ya hayo ni ya lugha. Haikutaja saa ngapi kwa siku wala siku ngapi kwa mwaka.

Pengo hilo lilikuwa na maana kwa sababu mbinu ya kulitumia ilikuwapo tayari. Katika kitabu chake cha mwaka 1886, Mwingereza Charlotte Mason alishauri kwamba somo la mtoto mdogo lisivuke dakika 20, kisha lije la aina nyingine. Mtoto asomewe kifungu mara moja tu, halafu akisimulie kwa maneno yake. Huko Dallas kwenyewe, katika miaka ya 1960, hospitali ya watoto ya Scottish Rite ilianza kuwafundisha wenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika. Kutokana na kazi hiyo Aylett Cox aliunda mtaala ambao kipindi chake hukatwa vipande vya dakika chache: herufi, kusoma, tahajia, mwandiko. Disleksia si kutotulia, ingawa wapo watoto wenye yote mawili. Darasani mwalimu mmoja hawezi kuwakatia watoto thelathini kila mmoja kipande chake. Wala darasa la somo moja kwa wote si jambo la asili. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu ya Afrika Mashariki kila mwanafunzi alisomeshwa somo lake alipofikia, wenzake wakiendelea na yao kwa sauti.

Wapo wanaosema mtoto aliyelelewa kwa dakika kumi kumi hataweza kukaa na kitabu kizito. Lakini Mason aliongeza muda kadiri mtoto alivyokua, na kusikia kifungu mara moja bila kurudiwa ni kazi ngumu kuliko kukaa saa nzima mawazo yakiwa kwingine. Ninachokubali ni kwamba kusimulia kwa mdomo hakuzai mwandishi. Imla na sarufi hazina njia ya mkato, na pengine ndiyo sababu mahakama ilizitaja tahajia na sarufi kwa majina.

Pingamizi zito ni jingine: sheria isiyohesabu saa haimwoni pia mtoto asiyefundishwa kabisa. Texas haidai mtihani wa jimbo kwa mtoto anayesomea nyumbani, wala cheti cha ualimu kwa mzazi wake. Sina jibu linalolimaliza pingamizi hilo. Hukumu iliwaamini wazazi, na imani hiyo inaweza kusalitiwa. Isitoshe, lazima mtu mzima awepo nyumbani mchana, na si kila nyumba inaweza kuacha mshahara mmoja. Kwa hiyo naipa uzito sheria nyingine ya Texas ya mwaka huohuo wa 1985, isiyosimuliwa sana, iliyozitaka shule za umma ziwatambue na kuwasaidia watoto wenye disleksia. Kwa njia hiyo sehemu ya yale yaliyojaribiwa hospitalini Dallas ilifika pia kwa watoto ambao wazazi wao walikuwa kazini.