Shahidi wa Moshi: Asili ya Sensa Pana ya Oksijeni

Mwezi wa Julai 1943 wakazi wa Los Angeles walikuta jiji lao limegubikwa na ukungu mchafu wenye kuwasha macho na kukaba koo, hata baadhi yao wakadhani kwamba adui amewarushia sumu, kwani vita vilikuwa vimepamba moto. Na haikubainika hadi miaka ya mwanzo ya 1950, kwa utafiti wa Arie Haagen-Smit, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi aliyesomesha Pasadena, kwamba sehemu kubwa ya dhara ile ilitokana na moshi wa magari ukigeuzwa na jua. Hapo ndipo zilipotoka sheria, na ile ya Marekani ya mwaka 1970 ikawalazimisha waundaji wa magari kuusafisha moshi kabla haujatoka bombani.

Dawa iliyopatikana ni kile kichocheo cha kikemia cha kusafishia moshi bombani, ambacho mafundi wetu hukiita masega. Lakini masega hayawezi kuziondoa kwa pamoja sumu zote tatu za moshi, yaani kaboni monoksaidi, mafuta yasiyoungua na oksaidi za nitrojeni, isipokuwa uzani wa hewa iingiayo injini uwe takriban mara 14.7 ya uzani wa petroli. Na kadiri hiyo haihifadhiki pasipo shahidi wa kukaa ndani ya bomba la moshi na kutoa habari kila dakika.

Ilimu ya shahidi huyo ilikuwapo zamani. Walther Nernst wa Ujerumani alikwisha kueleza mwaka 1889 jinsi tofauti ya wingi wa kitu pande mbili inavyozaa umeme, na kabla karne ile haijaisha akaunda taa ya zirkonia, kauri ambayo ikipata moto mkali hupitisha chembe za oksijeni. Juu ya msingi huo kampuni ya Bosch iliunda sensa yake, na Volvo ikaitia katika magari yaliyopelekwa Marekani kuanzia 1976. Adui yake mkubwa alikuwa risasi iliyotiwa katika petroli, ambayo huiua sensa na masega vilevile; nasi Afrika kusini mwa Sahara hatukuachana na petroli ya namna hiyo hadi mwanzoni mwa 2006.

Hata hivyo sensa ile ya kwanza ilijua maneno mawili tu: umeme wake ukizidi volti 0.45 mafuta yamezidi, ukipungua hewa imezidi, ila imezidi kwa kiasi gani haikuweza kusema. Waliotaka injini ichome mafuta haba, kama Honda katika Civic VX ya 1992, walihitaji zaidi, ndipo ikaja sensa pana, yenye kijumba kidogo ambamo oksijeni husukumwa nje au ndani kwa umeme mpaka mizani ikae sawa. Na umeme uliotumika katika kusukuma ndio unaopimwa.

Mafundi wa kurekebisha injini, ambao kabla ya hapo walihukumu kwa rangi ya plagi na kwa sikio, waliipokea kwa furaha mwanzoni mwa miaka ya 2000, vifaa vyake viliposhuka bei na kompyuta za kuongozea injini kama MegaSquirt, kazi ya Bruce Bowling na Al Grippo, zilipowafikia watu wa kawaida. Nami nasema kwa yakini kwamba tangu hapo taksiri kubwa imekuwa ni kumwamini shahidi asiyeapishwa. Vifaa vingi vya wakati ule vilitaka sensa itolewe bombani na kupashwa moto katika hewa safi, ambayo oksijeni yake ni asilimia 20.9 popote duniani, kama vile muuza duka anavyoijaribu mizani kwa jiwe analolijua uzani wake. Kisha programu ya kompyuta hiyo lazima iambiwe maana ya kila volti: katika kifaa cha LC-1 cha kampuni ya Innovate, volti 0 ilikuwa na maana ya hewa mara 7.35 ya petroli, na volti 5 mara 22.39, hata waya wa ethi ukipotosha volti 0.1 tu, hesabu hukosewa kwa 0.3. Kwa injini yenye tabo, kosa la kiasi hicho upande wa hewa nyingi laweza kuisogeza karibu na kuyeyusha pistoni.

Basi fundi wa leo, kabla hujagusa jedwali la mafuta, linganisha tarakimu ya kifaa na ile ya kompyuta; zikitofautiana, rekebisha kipimo kwanza, injini ingoje.